Ngeli za Walimu wa Insha: Uainishaji wa Awali

Wanasarufi wa Kiswahili wamebishana zaidi ya karne moja juu ya namna ya kupanga nomino. Tangu Wilhelm Bleek azipe ngeli za lugha za Kibantu nambari mwaka 1862, na Carl Meinhof aje kuziongeza na kuzinyoosha, kuna kambi inayotazama umbo la nomino, yaani kiambishi kilichosimama mlangoni mwake, na kuna kambi inayosema umbo linahadaa, tutazame upatanisho: nomino hiyo inayalazimisha nini maneno yanayoifuata. Kambi ya pili ina ushahidi mfupi ambao ya kwanza haijawahi kuujibu bila kukohoa. Kwa umbo, kijana yuko chumba kimoja na kiti na kijiko. Lakini hata mlevi hasemi "kijana kimefika".

Mtafiti wa makala haya, ambaye kwa miaka kadhaa ameishi nyumba moja na mtahiniwa, anadai kwamba upatanisho ndicho kipimo pekee kinachofaa kuainishia kundi jingine ambalo taaluma imelisahau: walimu wa tuisheni ya Insha, Fasihi na masomo jirani wanaozunguka mitaa ya Nairobi siku za Jumamosi. Kwa umbo hawatofautiani. Wote huja na mkoba, wote huulizia soketi ya kuchajia simu, wote husema mtoto "ana uwezo ila hajitumi". Ukiwahoji walikotoka hujibu kwa hoja tano zilizopangwa kuanzia ile nzito, na huambulii kitu. Chukua badala yake daftari la mwanafunzi, usome insha mbili tatu. Maisha yote ya mwalimu yamo humo: alisomea nini, alifanya kazi gani kabla ya hii, hulala saa ngapi, na ni nani aliyemkataa.

Sampuli zilikusanywa Umoja, Buruburu, Donholm na, kwa ajili ya kulinganisha matabaka, Kileleshwa. Madaftari yalipatikana kwa ridhaa ya wazazi na bila ridhaa ya watoto. Kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, walimu wote walioonekana katika kipindi hicho wameandikwa kwenye kumbukumbu za utafiti kama "marafiki wa familia".

Ngeli ya A-WA, ya wenye uhai, ambayo vitabu vingi vya Tanzania huiandika YU-A-WA, hutangulia katika kila orodha, na mwalimu wake hutangulia kubisha hodi. Huyu amestaafu. Serikali ilimwachilia alipotimiza miaka 60, yeye hakuiachilia chaki. Alisomea cheti cha ualimu cha P1, akafundisha shule za msingi kuanzia enzi za wilaya hadi enzi za kaunti, na mtihani uliomlea ni KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Insha ya KCPE ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Hesabu hiyo ndiyo itikadi yake nzima: kila dakika ina alama yake, kwa hiyo dakika ya kwanza isipite bila pambo. Mtihani ulikufa. Pambo halikupewa taarifa.

Tuitazame sampuli ya kwanza kwa karibu. Ni daftari la msichana wa gredi ya saba anayeishi ghorofa ya nne huko Kileleshwa, katika jengo ambalo mkataba wake wa upangaji unakataza hata paka. Insha inahusu siku alipopotea dukani. Inaanza hivi: majogoo walikuwa wakiwika kwa pokezi nilipogutuka kutoka lepe la usingizi, nikarauka, nikajinyoosha, nikashika ndoo kuelekea mtoni. Mto ulio karibu naye ni Kirichwa, ambao hakuna mzazi wa Kileleshwa angekubali maji yake yaoshe hata gari. Majogoo hawakusikika na mtafiti, ingawa alikaa hapo hadi saa mbili asubuhi. Msichana alipoulizwa walikotoka, alijibu kwa subira ya mtu anayezungumza na mgeni: lakini insha lazima ianze.

Katika sampuli zote za A-WA majogoo wapo, uji wa wimbi upo, na shujaa hupoteza fahamu ukurasa wa pili "kufumba na kufumbua" ili aamkie hospitalini, kwa kuwa hospitali hufupisha safari ya kurudi nyumbani. Mwalimu mwenyewe ana daftari gumu la tashbihi alilonakili kwa mwalimu wake, ambaye naye alinakili kwa mwingine, na humo bado wamo watu weupe kama theluji. (Wasomaji wa Nyeri watasema theluji wanaiona, Mlima Kirinyaga asubuhi, mawingu yakitulia. Tumelizingatia hilo.) Mapenzi yake makubwa hata hivyo si tashbihi bali hati. Mtoto mwenye hati nzuri kwake hana kosa lisilosameheka. Husahihisha kwa utaratibu wa watahini wa kitaifa: kosa la hijai mstari mmoja, kosa la sarufi mistari miwili. Kisha ameongeza daraja lake mwenyewe, mistari mitatu, ya Sheng, na mmoja kati ya hiyo mitatu hupenya hadi ukurasa wa nyuma. Humwita mzazi wa mtoto "mwanangu", hata mzazi akiwa hakimu, na mara nyingi ana haki, kwani alimfundisha.

Tumekwisha kuona kwamba kijana hapatani na umbo lake, na hilo ndilo tatizo la kiuchumi la ngeli ya KI-VI. Mwalimu huyu ana shahada ya elimu, Kiswahili na Dini au Kiswahili na Historia. Ana nambari ya TSC, tume ya walimu. Ana suti aliyonunuliwa na shangazi siku ya mahafali. Kitenzi cha kumfuata ndicho hakijapatikana. Mwaka 2023 wenzake walipochukuliwa kufundisha sekondari msingi kama walimu wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, yeye alikuwa amechelewa kutuma stakabadhi moja, na tangu hapo anasubiri tangazo lijalo huku akifundisha kitongoji kizima.

Alama yake kwenye daftari ni nadharia. Miaka minne alilishwa umarksi, ufeministi, umuundo na uhalisia, na anazo zote, hazijapata pa kutumika, zinamwasha. Mvulana wa kidato cha pili, Umoja, alipewa zoezi la kumwandikia mjomba barua ya kuomba karo. Barua ilianza kwa salamu na maulizo ya afya, ikaendelea: kwa kuwa wewe mjomba unamiliki njia za uzalishaji mali nasi tumebaki na nguvu kazi pekee. Mjomba ana kibanda cha vipuri Kirinyaga Road. Alituma fedha siku hiyo hiyo na kuomba barua nyingine isije.

Kipato cha pembeni cha KI-VI ni miongozo. Kitabu teule cha Fasihi hakijakauka wino kabla yeye hajakiandikia mwongozo, unaosambazwa kwa WhatsApp na kuchapwa kwenye vibanda vya fotokopi: ploti, wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za lugha, maswali ya dondoo. Wapo watu wazima leo waliopasi Kigogo cha Pauline Kea na Chozi la Heri cha Assumpta Matei bila kuyaona majalada. Mtafiti halaumu. Anataka tu kuonyesha jinsi upatanisho unavyofika mbali. Swali la dondoo, kwa wasiolijua, hutoa maneno ya mhusika na kudai muktadha kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, ni baada ya tukio gani. Mtoto aliyenolewa kwa miezi miwili na mwalimu wa KI-VI alisikia sauti ikipanda jikoni kwao, akamgeukia mdogo wake na kusema: haya ni maneno ya mama, anamwambia baba, wako jikoni, ni baada ya baba kurudi bila unga. Alama nne zote. Mdogo wake aliuliza dhamira ni nini, akaambiwa hiyo ni sehemu ya (b).

LI-YA haituchukulii muda. Ni ngeli inayopokea ukubwa, jitu na joka na jumba, na walimu wake ni majina: msomaji wa habari aliyestaafu, mwandishi mwenye riwaya dukani. Ngeli hii iliwahi kuwa na watu wa maana hasa. Ken Walibora alisoma habari runingani, akaandika Kidagaa Kimemwozea kikawa kitabu teule, akafundisha vyuo vikuu hapa na Marekani, na kote huko alibaki mwanafunzi wa neno. Wengi wa sasa wamebaki na sauti. Watoto wao husoma insha kwa uzito wa saa moja jioni na kumalizia aya kwa jina lao na mahali walipo. Insha zenyewe ni fupi mno.

Tuje kwenye ngeli ya I-ZI, iliyompa mtafiti kazi na, hakuna haja ya kuficha, raha kuliko zote. Sarufi inatuambia hii ndiyo ngeli ya kupokea maneno ya kukopa. Redio, benki, kalamu, kompyuta: neno likishuka bandarini bila jamaa, hupelekwa I-ZI na hupewa kitanda. Walimu wa ngeli hii ndivyo walivyo. Hawakusomea ualimu, na wengi hawakusomea lugha. Mmoja ni mhasibu, mwingine aliacha uhandisi mwaka wa tatu, wa tatu alikuwa seminarini na bado hukaa wima. Wasomaji wasiwadharau. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Mohammed Said Abdulla wa Unguja alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, na mtu aliyezoea kuingia majumba ya watu na kuuliza hiki kimewekwa hapa kwa nini, ndiye aliyetutungia Bwana Msa, mpelelezi anayejulikana kuliko wote katika Kiswahili. Maisha ya awali hayapotei. Hutafuta pa kutokea.

Ya mwalimu wa I-ZI wa Nairobi, hasa aliyemaliza chuo miaka kumi iliyopita, yalipita kwenye chumba kimoja chenye kompyuta ya mkopo. Huko alikuwa akiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Biashara hiyo imejulikana kiasi cha kutengenezewa filamu, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Uingereza ilikwisha kupitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha uuzaji wa insha kwa wanafunzi wake. Kazi hufanywa usiku, kwa sababu Nairobi inapofika usiku wa manane, Ohio ndiyo kwanza alasiri inageuka jioni na mwanafunzi anakumbuka kwamba kesho ni siku ya kukusanya. Mwalimu wetu, kabla ya kutimiza miaka 30, alikuwa ameandika juu ya riwaya za Toni Morrison, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, maadili ya Kant, na mpango wa kumhudumia mgonjwa wa kisukari huko Florida. Amesoma fasihi ya Marekani kuliko Wamarekani waliomlipa. Shahada zimetoka, ziko ng'ambo, zimetundikwa ukutani kwa majina mengine. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, maagizo yakapungua, naye akashuka ngazi mchana kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaona tangazo la mzazi.

Alama zake ni rahisi kuzitambua. Kwanza, kila insha hutangaza nia: insha hii itajadili, kisha itachanganua, kisha itatathmini. Msichana wa Donholm aliandika hivyo akisimulia alivyoumwa na mbwa. Pili, marejeleo. Mwanafunzi wa I-ZI hadai jambo bila kumtaja aliyelisema na mwaka, na katika sampuli moja juu ya athari za mitandao ya kijamii tulikutana na kauli kwamba vijana wa siku hizi hawasalimii watu (Mama Brayo, 2024). Mama Brayo ni jirani wa mlango wa pili. Alipoulizwa alithibitisha. Tatu, idadi ya maneno. Ng'ambo alilipwa kwa ukurasa, na ukurasa katika soko lile ni maneno 275. Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutakiwa isipungue maneno 400. Kwa hiyo wanafunzi wake huhesabu wakienda, kwa penseli, pembeni. Neno la 400 likifika, insha imekwisha, hata kama mhusika angali majini akipunga mkono.

Mapenzi yake ni mawili. La kwanza ni usingizi. La pili ni kunusa udanganyifu: mtoto akinakili aya moja kutoka kitabu cha mazoezi, mwalimu huyu huitambua kabla hajafika nukta, na mzazi husimulia jambo hilo kazini kwa fahari. Humlazimisha pia kila mwanafunzi aandike majina yake matatu juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa, na kuyapigia mstari kwa rula. Wazazi hudhani ni nidhamu ya mtihani.

Mwalimu wa U-U, ngeli ya mambo yasiyoshikika, uhuru, upweke, ushairi, ni mshairi wa gazetini. Mchana ana kazi nyingine, mara nyingi ya ulinzi au ukarani, na jina lake la kalamu huanza na Malenga na kuishia na jina la bonde, ziwa au kituo cha basi. Amejibizana kwa mashairi na Malenga mwingine kwa miaka kadhaa na hawajaonana. Kwake kazi yoyote ya maandishi ni tarbia iliyokosa adabu. Mkono wake mmoja hutembea juu ya paja daima, ukihesabu mizani. Mtafiti alipewa insha ya mvulana wa Buruburu kuhusu ziara ya likizo, akahisi kitu mwilini kabla ya kukijua akilini. Iliandikwa: nilipofika nyumbani sikumpata shangazi, nikaketi barazani kumsubiri mkwezi. Hesabu: nane, nane, nane, nane. Vina viko sawa. Mkwezi hana kazi yoyote katika kisa hicho, hakuna mnazi hata mmoja katika mtaa ule, na hatajwi tena hadi mwisho. Aliletwa na kina. Insha hiyo ilipewa alama saba kati ya ishirini na mwalimu wa shule, na mshairi alipooneshwa alisema mwalimu wa shule hana sikio. Kwa maoni ya mtafiti, wote wawili wana hoja, ila mkwezi angelipwa nauli.

Ngeli ya YA-YA ina nomino zisizo na umoja. Maji, mafuta, maziwa, marashi: hazihesabiki, huja kwa pamoja. Walimu wake vivyo hivyo hawaonekani mmoja mmoja. Huonekana kwenye kongamano la Fasihi na Insha, mabasi ya shule nne yakiwa yameegeshwa uwanjani, kipaza sauti kikipiga mluzi, na mbele wameketi watahini, yaani wale ambao kila mwisho wa mwaka husahihisha karatasi za kitaifa. Sifa yao ya kiisimu ni nafsi. Hawana "mimi". Husema "sisi tunaosahihisha", na ukumbi mzima huinama kuandika, hata walichokisema kikiwa ni kwamba mtahiniwa asome swali kabla ya kulijibu.

Wanalolijua wanalijua kweli. Karatasi ya Insha ya KCSE, 102/1, ina maswali manne: la kwanza ni la lazima, kisha unachagua moja kati ya matatu, na kila moja lina alama 20. Lile la lazima huwa insha ya kiuamilifu, barua rasmi au hotuba au kumbukumbu za mkutano, na hapo sura ya insha ina uzito wake; ukisahau anwani umejikata mwenyewe. Basi YA-YA hufundisha sura. Huifundisha hadi mtoto hawezi kuivua. Sampuli ya kumi na nne ni barua ya kirafiki, ya kweli, si zoezi, iliyopatikana ndani ya kamusi. Ina anwani mbili, tarehe, na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: MINT: KUKUOMBA MSAMAHA KWA KUKUIBIA KALAMU NA KUSEMA NI YANGU. Inaishia "wako mwaminifu", ambayo chini ya kichwa kile haikai vizuri.

Ya KU ni ngeli ya vitenzi vilivyojifanya nomino, kusoma, kuandika, kupiga kelele. Mwalimu wake ni mzazi mwenyewe, saa tatu usiku, baada ya kazi. Hana cheti wala mbinu. Kila insha aliyoisimamia ina aya ya mwisho yenye hati ya mtu mzima.

Ngeli ya mahali ndiyo yenye ubishi, kwa kuwa mwalimu wake ameajiriwa kwa sababu ya anwani. Mzazi wa bara huamini kwamba mtu wa pwani huzaliwa na ngeli zote kichwani, kwa hiyo akimpata aliyetoka huko hamuulizi kingine. Sarufi hutofautisha PA ya mahali mahususi, KU ya mahali pa jumla, na MU ya ndani, na walimu hawa hugawika vivyo hivyo bila kushurutishwa. Wa PA ni mtu wa Mji wa Kale hasa, Mombasa, au wa Lamu. Kikazi ni wakala wa bima au wa kutoa mizigo bandarini, na aliletwa Nairobi na kampuni. Wa KU ni wa "huko pwani": nyanya yake yuko Kilifi, yeye amekulia Thika, na husema "yakhe" kwenye simu mzazi akiwa karibu. Wa MU ni mtu wa bara aliyepanga chumba Majengo, Mombasa, miaka mingi, akatoka na Kiswahili asichoweza kukieleza na asichowahi kukikosea. Huyu wa tatu ndiye bora wa wote na ndiye anayekataliwa, kwa ajili ya jina lake la ukoo.

Hali ya PA inastahili huruma ya kihistoria. Juni 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa kuamua ni lahaja gani iwe msingi wa Kiswahili cha shuleni, na humo humo Mombasa wakachagua Kiunguja, wakakiacha Kimvita barazani. Kamati ya kuisimamia kazi hiyo ikaanza 1930. Kwa hiyo mwalimu wa Mji wa Kale anapoketi katika sebule ya Lang'ata kufundisha Kiswahili sanifu, anafundisha uamuzi uliopitishwa mjini kwao dhidi ya mama yake. Anafanya kwa heshima. Ila huvuja. Mwanafunzi wake, kidato cha tatu, aliandika "nti yetu" mara sita katika hotuba ya kiongozi wa vijana, na shuleni ikapigiwa mstari mmoja wa hijai, mara ya kwanza tu, kama kanuni inavyotaka. Mtoto alirudi akilia. "Maalim, umesema ni nti." Maalim aliichukua karatasi, akaitazama sana, akamwambia mshairi Muyaka bin Haji alitunga kwa lahaja hiyo hiyo kabla ya 1840 na hakuna aliyempigia mstari. Kisha akamwelekeza aandike "nchi", mara ishirini, maana mtihani si wa Muyaka.

Limebaki suala la malipo, ambalo wapitiaji wa rasimu hii walitaka liondolewe na wazazi walitaka lirefushwe. A-WA hupokea bahasha baada ya chai na mandazi, na hahesabu fedha mbele ya mtoto. KI-VI hulipwa kwa M-Pesa na hukumbusha, kwa aibu kidogo, "weka na ya kutoa". I-ZI hudai nusu kabla ya kuanza, na asiyejua alikotoka huona ni tamaa. LI-YA hutuma ankara kupitia mtu mwingine. Mshairi huridhika ukimsomea shairi lake la juzi na kuonesha umelielewa, wachache huweza. Wa mahali husema "chochote utakachojaliwa", kisha wiki inayofuata, kama kilikuwa kidogo, simu yake haipatikani. Wa KU, yaani mzazi, hulipwa na watoto wakubwa, miaka mingi baadaye, au halipwi.

YA-YA hulipwa na shule. Kwa kuwa sheria ya 2013 bado ipo na kongamano la Agosti bado lipo, fedha hizo haziwezi kuandikwa kwa jina lake, na mhasibu mmoja alimruhusu mtafiti aangalie daftari la matumizi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Safu ya maelezo ilisema "maji", na chini yake "mafuta ya basi". Kisarufi, hakuna kosa la kupigia mstari.